UZI: Hawa watangazaji wanaozunguka dunia wakila mbele ya kamera, macho yao ndo tunayotumia kuona miji ya watu

#1 Mzungushaji (mleta uzi)

Wakuu salama, hili jambo limenikaa muda mrefu, uzi ni mrefu kidogo naomba mvumilie.

Mi kazi yangu ni kutembeza wageni, sio mbugani, hapahapa Dar, na sehemu kubwa ya kutembea kwenyewe ni kula. Asubuhi soko la samaki Feri, tunapita Kisutu na Upanga, mchana Kariakoo, jioni Magomeni kwa watu wa pweza, mgeni akiwa bado ana nguvu tunamalizia Coco kwenye mihogo. Sasa nilichokuja kugundua ni kwamba mgeni hafiki hapa akiwa mweupe, anafika na Dar yake kichwani tayari, na hiyo Dar kawekewa na mtu aliyekula mbele ya kamera, tena saa ingine huyo mtu hata hapa hajakanyaga, kala Lagos, kala Hanoi, kala Marrakesh, lakini ile namna yake ya kuangalia watu na sahani zao ndo mgeni anakuja nayo.

Swali la kwanza tu linanitosha kujua alikuwa anamwangalia nani. Aliyekua na Bizarre Foods ya Andrew Zimmern, ile iliyoanza Travel Channel 2006, ataniuliza huku mnakula kitu gani cha ajabu. Nampeleka kwenye pweza, anakula, anasifia, afu ananiuliza hakuna cha ajabu zaidi ya hiki? Aliyekua na marehemu Anthony Bourdain, yule mpishi wa Kimarekani aliyegeuka mtangazaji, anataka viti vya plastiki na moshi, ukimpeleka sehemu yenye kitambaa mezani anaona unamdanganya, hata kama hiyo sehemu ndo familia za Upanga zinakula kila Jumapili miaka na miaka. Wa Mark Wiens, yule Mmarekani wa YouTube, anataka kujua kila kiungo, hii ni iliki au mdalasini, pilipili ni ya wapi, huyo mimi nampenda sana kumtembeza. Na wa yule Phil Rosenthal wa Netflix anakuja na furaha tu, anamkumbatia mpishi hata hajajua jina lake.

Wote hao nawapeleka kwa mama lishe yuleyule, wali uleule, maharage yaleyale, na wanaondoka na Dar nne tofauti. Sio kwamba wana ubaya. Ila inanifanya niamini kabisa kwamba anachobaki nacho mtazamaji sio chakula, chakula hakionjeki kwenye skrini hata kidogo, anachobaki nacho ni moyo wa yule anayekula. Anadharau au anaheshimu, ana haraka au katulia, anamwangalia mpishi au anaiangalia lenzi. Hivyo ndo vinavyomfundisha mtu wa Ohio au wa Leeds jinsi ya kutuona sisi.

Karibuni tujadili, naendelea chini.

#2 Kijana wa Tabata

Mkuu hii unaipa uzito mno. Mtu yuko kitandani usiku anaangalia jamaa anakula nyama apate hamu ya kula, basi. Hakuna anayejenga mtazamo wa nchi kupitia mishikaki.

#3 Mzungushaji

Ndugu yangu wa Tabata nakuelewa ila hebu fikiria Vietnam. Mmarekani wa umri fulani ukimtajia Vietnam alikuwa anaona helikopta na vita, miaka yote ndo picha aliyopewa. Mei 2016 Bourdain akakaa Hanoi na Obama, rais wa Marekani aliyekuwa madarakani kabisa, kwenye kiduka cha bun cha (tambi na nguruwe wa kuchoma), wamekalia vistuli vya plastiki vifupi, bia mkononi, bili nzima dola 6. Hawakuongelea vita kwa kupiga kelele, walikula tu na kupiga stori za watoto na za maisha. Leo ile meza imewekewa kioo pale dukani na watu wanatoka mbali kwenda kupiga picha, na kwenye menyu kuna seti yenye jina la Obama. Kile chakula kilikuwepo siku zote. Kilichobadilika ni kwamba watu wawili wenye majina makubwa walikaa chini kama wateja wengine na kamera ikawaacha wakae.

Na kuna Beirut, Lebanon. Julai 2006 Bourdain na timu yake walienda kupiga kipindi cha kawaida tu, misosi na starehe za usiku, vita ya Israel na Hezbollah ikalipuka wakiwa ndani ya mji. Wakakwama hotelini, wanaangalia uwanja wa ndege unapigwa, mpaka wakaja kuondolewa na meli ya jeshi la Marekani. Kile kipindi hakina chakula karibu chochote wakuu, kina watu waliokuwa wanajivunia mji wao siku moja, siku ya pili nyuso zimeanguka. Mwenyewe alishasema tukio lile lilimbadilisha, kwamba baada ya pale hakuweza tena kula na kuondoka kama hakuna kinachoendelea nyuma ya jiko. Aliyeangalia kile kipindi hawezi tena kusikia jina Beirut kwenye taarifa ya habari akaona majengo peke yake.

Kwa hiyo hapana, sio mishikaki tu.

#4 Jikoni Daima

Nashukuru umemtaja huyu mzee, mi ni mpishi wa hotelini na ndo mtu aliyenifanya niiheshimu kazi yangu, acha nichangie kidogo.

Watu wanamwona Bourdain kama mtu wa tivii wanasahau alianzia kuosha vyombo. Kazaliwa New York 1956, miaka mingi kafanya kazi za jikoni, akaja kuwa mpishi mkuu Les Halles pale Manhattan, kitabu chake kilichomtoa kilitoka 2000 akiwa anaelekea miaka 44, tivii akaanza 2002. Yani ameingia kwenye kamera akiwa na makovu ya mafuta mkononi tayari. Ndo mana kila alipokwenda jicho lake lilimtafuta anayepika na anayeosha vyombo. Alikuwa anasema wazi bila kuogopa mtu kwamba migahawa ya New York, hata ya Kifaransa, inasimama kwa mikono ya Wameksiko na watu wa Amerika ya Kati, wakati wanasiasa wanawatukana haohao.

Sasa huo mtazamo haupatikani kwa kusoma skripti. Mtu aliyewahi kusimama jikoni masaa kumi na mawili anajua mpishi anataka kuulizwa nini. Aliyetoka moja kwa moja kwenye kamera anauliza "ni tamu eeh?" halafu basi, kaishiwa.

#5 Mpemba wa Ilala

Assalam aleikum. Mie nakubaliana na mleta uzi lakini niseme na kwetu pia.

Huyohuyo Bourdain alikuja Tanzania, kipindi kilirushwa CNN 2014. Sehemu kubwa Unguja, kisha akaenda kwa Wamasai huko Ngorongoro. Kizuri chake, Unguja hakuionesha ufukwe mtupu, aliionesha kama mji wa watu waliochanganyika karne kwa karne, Waarabu, Wahindi, Waafrika wa bara, na biashara ya karafuu na ya watumwa humohumo. Hilo nampa heshima yake, mana wengi wakija kwetu wanapiga picha mlango, wanapiga picha bahari, wanakula ile pizza ya Forodhani wanaondoka, wakati mtu wa mji asubuhi anakunywa zake kahawa barazani na jioni anatafuta urojo.

Lakini tizama sasa. Mtu aliyekaa kwake Chicago akimaliza kile kipindi ana Tanzania ya aina mbili, kisiwa na Mmasai. Mtu wa Dar yuko wapi, mtu wa Mwanza, mtu wa Mbeya mwenye mchele wake, mtu wa Bukoba na matoke yake? Hawapo. Si kosa la mtu mmoja, ndivyo nchi yetu inavyouzwa siku zote, ila mtangazaji mwenye heshima kubwa akipita njia ileile basi njia inazidi kuwa pana na nyingine zinaota nyasi.

#6 Mzungushaji

Aleikum salam kaka yangu. Umegusa palepale nilipokuwa naelekea, mana sitaki uzi huu uonekane ni wa kumsifia marehemu peke yake.

Angalieni safari yake ya Kongo, ilirushwa 2013. Jamaa miaka mingi alikuwa na ndoto ya kupita ule mto kwa sababu ya riwaya ya Joseph Conrad ya 1899. Kwa hiyo alipokwenda alikwenda na kitabu cha Mzungu mwingine kichwani, na unaona kabisa kwenye kipindi anapambana nacho. Kuna usiku wako kwenye boti, giza, wadudu, anakazania kupika kuku wa Kifaransa wa kuchemshwa na divai, katikati ya Mto Kongo. Pale mi huwa najiuliza, wale wenyeji waliokuwa kwenye boti wangepika nini kama wangeachiwa sufuria? Mtazamaji hakupata kujua.

Ila kwenye kipindi hichohicho akaenda Yangambi, kile kituo cha utafiti wa kilimo cha enzi za Wabelgiji, akawakuta watu wanaendelea kuitunza maktaba, vitabu viko kwenye rafu, na serikali imewasahau. Kamera ikatulia kwao. Mi nikiisikia Kongo sa hivi nawakumbuka wale wa maktaba kabla sijakumbuka bunduki. Mtu mmoja, safari moja, jicho lake limefanya mambo mawili tofauti kabisa.

Na mwenyewe alilijua hili. Kipindi cha Kenya alichofanya na W. Kamau Bell, mchekeshaji wa Kimarekani, kilirushwa Septemba 2018, yeye keshafariki tangu Juni 8 kule Ufaransa. Mwishoni sauti yake inauliza nani anapata nafasi ya kusimulia, na anajibu wazi kwamba safari hii ni yeye, anajitahidi kuangalia na kusikiliza, lakini anajua hii ni stori yake yeye, sio ya Kamau wala ya Wakenya, na kwamba zao bado hazijasikika. Niliposikia vile nilisimamisha vidio. Sijawahi kuona mtangazaji mwingine wa hadhi ile anamwambia mtazamaji kwa mdomo wake kwamba ulichokiona ni mimi, bado hujawaona wenyewe.

#7 Binti wa Buguruni

Shikamooni wakubwa, za mchana wengine. Mi mama yangu ana banda la chakula, sitaji ni wapi, wateja wake ni mafundi na watu wa magari. Naomba niseme upande wa pili wa kamera mana humu wote mnaongea kama watazamaji.

Wanakuja, sio Wazungu tu, hata vijana wetu wenye chaneli zao. Wanakuja saa saba mchana, ile saa ambayo mama ana sufuria nne jikoni na foleni mlangoni. Wanasimama katikati ya njia. Wateja wengine hawataki kuonekana, mtu katoka kazini hajaaga, au hataki tu, ni haki yake, anainuka anaondoka na ile sahani mama kaikosa hela yake. Hawaombi ruhusa, au wanaomba wakiwa wameshaanza kurekodi. Afu vidio ikitoka kichwa cha habari ni CHAKULA CHA MASKINI DAR, shilingi kadhaa tu unashiba.

Mama aliumia sana siku ile. Mama ananunua mchele wa Kyela, sio huo wa kuchanganya. Samaki anafuata mwenyewe Feri alfajiri kabla jua halijatoka ili asipewe wa jana. Kasomesha watoto wake wote kwa lile banda. Anaonekana maskini kwa sababu meza ni ya mbao na aliyekula kaamua kuonesha mbao.

Basi ndo hivyo, wakati mnajadili mtazamo wa mtangazaji mjue kuna mtu unamwangukia.

#8 Mzungushaji

Mdogo wangu marahaba, na pole sana, mpe pole mama. Hiki ulichosema ni kizito kuliko vyote nilivyoandika.

Acha nieleze jinsi kinavyotengenezwa mana nimewahi kuwa mwenyeji wa timu kama hizo, sio za watu niliowataja juu, na jina lao halina umuhimu. Watu wanadhani mtangazaji anafika sehemu kwa bahati, anakutana na mpishi, anashangaa. Hapana. Kabla hajapanda ndege kuna mwenyeji keshazunguka, kaongea na watu, kafuatilia kibali cha kurekodi Bodi ya Filamu, keshakula pale mara kadhaa. Muongozaji kule anakotoka keshaandika anataka nini. Kwa hiyo mpishi hachaguliwi kwa sababu ni bora, anachaguliwa kwa sababu anafanana na kile ambacho ofisi ya mbali inaamini Dar inafanana nacho.

Timu moja nikawapeleka kwa mama mmoja mpishi hatari, ana jiko la gesi, ana friji la soda la kioo pale mlangoni, safi. Wakaniomba friji liondolewe kwenye picha. Nikafikiri ni mwanga unagoma. Baadaye wakaomba kama kuna jiko la mkaa apikie hilo badala ya gesi. Mama wa watu akakubali kwa heshima ya mgeni, mana si mnajua sisi, mgeni njoo mwenyeji apone, akatoa jiko la mkaa lililokuwa stoo akaliwasha. Nikamwambia yule muongozaji huyu mama hapikii mkaa, akajibu kwa upole kabisa kwamba watazamaji wanapenda moshi. Yani yule mama alifanya kazi miaka afike kwenye gesi, ikaja kamera ikamrudisha kwenye mkaa kwa mchana mmoja, na huo mchana mmoja ndo dunia itakaomjua nao.

Halafu ile sauti ya mtangazaji inayosikika juu ya picha, ile ya kufikiri na kuhisi, mara nyingi inaandikwa na kurekodiwa wiki kadhaa baadaye, akiwa keshaondoka. Muziki unawekwa baadaye. Rangi pia inabadilishwa, ndo mana nchi za joto zinatoka njano njano kama kuna vumbi hata siku mvua ilinyesha. Watu wenye njaa ya kweli ya kujua wanaweza kutumia vifaa hivyohivyo vizuri, tatizo sio vifaa. Ila mtazamaji ajue kwamba kila alichohisi kuhusu mtaa kilipitia kwenye meza ya mtu anayehariri, na huyo mtu huenda hajawahi kunusa Kariakoo.

#9 Mwalimu wa Jografia

Naongezea kwa mfano wa nyumbani. Andikeni Tanzania na chakula huko YouTube kwa Kiingereza muone kinachopanda juu. Utakuta Wahadzabe wanawinda nyani, na watangazaji wa nje wanashindana nani kala nyani kwa mshangao mkubwa zaidi.

Sensa ya 2022 ilituhesabu watu milioni 61.7, Dar peke yake karibu milioni 5.4. Wahadzabe wa Ziwa Eyasi ni elfu moja na kidogo hivi. Sisemi wasioneshwe, ni watu wenye elimu kubwa ya pori ambayo mimi na shahada yangu sina. Lakini hata wao wenyewe hawaoneshwi kwa haki. Chakula chao ni asali, mizizi, matunda ya porini, ubuyu, na nyama ikipatikana. Akina mama wanaochimba mizizi ndo wanalisha kambi siku ambazo upinde haukupata kitu. Kamera inawaruka wale akina mama inakimbilia nyani, kwa sababu mtangazaji alishaamua kabla hajashuka kwenye gari kwamba yuko kwenye safari ya ajabu.

Wanafunzi wangu wakikutana na watu wa nje mtandaoni wanaulizwa mnakula nyani kweli? Mtoto wa Kimara ambaye nyani kamuona kwenye kitabu.

#10 Kijana wa Tabata

Ok wakuu nimewaelewa, ya friji imeniuma. Lakini swali langu ni hili, sasa dawa ni ipi, tujioneshe wenyewe? Si tulishafanya Royal Tour, ile filamu ya kutangaza utalii wetu, Rais Samia mwenyewe akawa mwenyeji, ikazinduliwa New York Aprili 2022, na watalii wakapanda kutoka kama milioni 1.45 mwaka ule mpaka milioni 1.8 mwaka 2023. Hapo macho ni yetu.

#11 Mzungushaji

Hoja nzuri, na mimi ile filamu niliifurahia kwa sababu kiongozi wa nchi akiwa ndo anamwambia mgeni angalia hapa na hapa ni kitu kikubwa. Ongezeko la watalii lina sababu nyingi, dunia yote ilikuwa inatoka kwenye korona, ila imesaidia, hilo silikatai. Lakini aliyeshika kipindi bado alikuwa Peter Greenberg, Mmarekani, na kilichooneshwa kilikuwa kikubwa na kizuri, mlima, mbuga, bahari, tanzanite. Kazi yake ilikuwa kumleta mtu. Kumfundisha namna ya kukaa kwenye benchi Buguruni haikuwa kazi yake, na mimi naongelea hiyo ya benchi.

Mfano wa macho ya ndugu ni ile safu ya Netflix ya 2021, High on the Hog, ya Stephen Satterfield, Mmarekani mweusi. Anaanza na Benin. Kaenda soko la Dantokpa kule Cotonou na Dkt. Jessica B. Harris, mwanahistoria wa chakula, na wanaangalia viazi vikuu na bamia na wali kama mtu anayeangalia albamu ya familia aliyonyimwa. Hakuna anayeshangaa kwa kupiga kelele. Wanafika Ouidah pale watu walipopakiwa kwenye meli, kijana anashindwa kuongea, analia. Soko lile la Dantokpa watangazaji kibao wangeliita vurugu. Yeye kaliona nyumbani. Soko ni lilelile wakuu.

Na nia njema peke yake haitoshi, hili nalo niliseme. Bourdain alienda Haiti baada ya tetemeko la Januari 2010. Wakala kwa mama mmoja wa mtaani, watoto wenye njaa wamesimama wanawaangalia. Timu ikafanya ambacho wengi wetu tungefanya, ikanunua chakula chote cha yule mama kigawiwe. Foleni ikatokea, habari zikasambaa, wakubwa wakaja wakawasukuma watoto, ikawa vurugu na kupigana. Angeweza kukata kile kipande mtazamaji abaki na picha ya mgeni mwenye huruma. Akakiacha, akaeleza kwamba tulidhani tunasaidia na tazameni kilichotokea. Kwa hiyo mtazamaji hakubaki na Wahaiti wakorofi, alibaki na swali kuhusu njaa na kuhusu mgeni mwenye hela. Ndo mana namtaja sana, sio kwamba hakukosea, ni kwamba makosa aliyaacha yaonekane.

Binti wa Buguruni, nina ombi. Ukirudi nyumbani muulize mama, kama angepata nafasi ya kumpangia mtangazaji, angetaka iweje? Mana humu tumeongea wote kasoro yeye.

#12 Jikoni Daima

Wakati tunamsubiri mama, kuna jambo la kula kitu usichokipenda mbele ya kamera, naona ndo mtihani mkubwa kuliko yote.

Namibia, Bourdain alipewa na Wasan, wale wawindaji wenyeji wa kule, utumbo wa mwisho wa ngiri, haujasafishwa vizuri, una mchanga. Alikula. Baadaye akasema ni mlo mbaya kuliko yote maishani mwake na ulimuumiza tumbo. Lakini pale mbele ya mzee wa watu hakukunja uso wala hakumgeukia mpiga kamera kufanya vituko. Alikuwa na kanuni yake ya nyumba ya bibi, kwamba bibi akikupikia, hata kama kakausha nyama, unakula, unashukuru, unaomba tena. Hapa kwetu hilo mtoto wa darasa la pili analijua, hushikwi mkono na mama kwenda kwa watu halafu ukatema.

Ila na hapo mi nina lawama. Watu wa nje ukiwatajia Namibia kupitia yeye wanakumbuka ule utumbo. Alivyokuja kuusimulia tena na tena kwenye mahojiano kama mlo mbaya wa maisha yake, ile heshima ya pale mbele ya mzee ikaliwa na stori. Uso wake pale ulikuwa sahihi, mdomo wake baadaye haukuwa sahihi sana. Mtangazaji anaendelea kuijenga nchi ya watu hata akiwa kwenye kiti cha mahojiano.

#13 Dereva wa Mbagala

Wakubwa mnawaonea wageni tu. Vijana wetu wa Dar wakienda mikoani wanafanya yaleyale. Mtu anatoka Sinza anafika Sumbawanga anakunja uso kwenye kumbikumbi, anacheka lafudhi ya muuzaji, watu laki moja wanaangalia. Hata hapahapa mjini, wa Masaki akija kwetu Mbagala anarekodi kama yuko nchi ya jirani, anasema "leo tumeingia uswahilini". Mimi nakaa huku, nalea watoto huku, huku ni nyumbani, haijawahi kuwa sehemu ya kuingiwa.

#14 Mzungushaji

Sahihi kabisa kaka dereva. Wala sitawatetea hao vijana, wamejifunza kwa kuwaangalia walewale wa nje, ule mkunjo wa uso ni wa kuiga kabisa, unauona. Wapo wachache wanafanya vizuri, wanasalimia kwanza, wanamwita mpishi kwa jina analotaka kuitwa, wanataja bei vizuri, wanaonesha anakonunua bidhaa. Watazamaji wao ni wachache bado. Tukiwa tunagawana hizi vidio kwenye magrupu tuwagawe hao.

#15 Binti wa Buguruni

Nimerudi. Mama kacheka kwanza, kasema watu wa kwenye simu wana muda. Lakini kajibu, naandika alivyosema.

Kasema waje alfajiri Feri, sio saa saba. Mtu akitaka kujua chakula chake aone anavyobishana na mchuuzi pale mnadani, mana kazi iko pale, bandani ni kumalizia tu.

Kasema wamuulize nazi anakuna ngapi kwa siku na kwa nini hatumii ya paketi, hilo anataka sana kuulizwa na hakuna aliyewahi kumuuliza.

Wasirekodi wateja bila kuwauliza mmojammoja. Asiyetaka asiguswe, ni mteja wake, mtangazaji anaondoka yeye anabaki naye.

Mtangazaji akae benchi na mafundi, ale kwa mkono au kijiko vyovyote anavyojua, asijifanye. Kama pilipili imemzidi aseme imemzidi, watu watampa maji. Asiseme ni chakula cha maskini. Kasema na mafundi wenyewe hawatapenda, mtu anafunga injini za magari ya mamilioni halafu umwite hivyo.

Na walipe. Wanaume watatu wa kamera walikula siku ile wakaondoka wanasema tumekutangaza mama. Wali samaki kwake ni elfu nne, na kama wako watano ni sahani tano.